Mlau na Malisho

Zamani ng'ombe alikuwa mgeni katika bonde la Rufiji. Mbung'o walimzuia, na mwenyeji wa Kibiti aliishi kwa mpunga, samaki na korosho. Leo makundi makubwa ya Wasukuma, Wamang'ati na Wamasai yanalisha humo.

Hawakuja kwa kupenda kutangatanga. Mwaka 2006 na 2007 Serikali iliwaondoa wafugaji katika Ihefu na bonde la Usangu, huko Mbeya, ili kuyaokoa maji ya Ruaha Mkuu, na wengi wakaelekezwa Mikoa ya Lindi na Pwani. Ruaha nao humwagia maji yake katika Rufiji. Basi mfugaji na mto alioshitakiwa kuukausha wamekutana tena huku chini.

Wako wasemao ugomvi wa mkulima na mfugaji ni chuki ya makabila. Sisi twakataa. Mkulima wa bondeni hulima mlau: mafuriko yakipungua hupanda mahindi na kunde katika udongo wenye unyevu, na mazao hayo husimama shambani wakati wa kiangazi. Ni wakati huo huo nyasi za nchi kavu hunyauka, na mfugaji hana budi kuwashusha ng'ombe mtoni. Watu wawili, wote wenye haki ya kula, huitaka ardhi moja katika mwezi mmoja. Mei 2012 damu ilimwagika Ikwiriri.

Katika Kirgizistani, nchi ya milima mirefu ya Asia ya Kati, wachungaji hupandisha kondoo na farasi milimani wakati wa joto, na kuwateremsha kabla ya theluji. Huko nako malisho yaligombaniwa, na sheria ya mwaka 2009 ikayakabidhi kwa kamati za watumiaji wenyewe.

Sheria yetu ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yatosha kwa kazi hiyo, ikiwa vijiji vitaitumia. Mapito ya kwenda mtoni yawekewe alama, malambo na majosho yachimbwe mbali na mashamba ya mlau, na mfugaji aketi katika kikao kinachopanga hayo, wala asiitwe siku ya kutozwa faini tu. Mfanyakazi wa Dar es Salaam, anunuaye nyama iliyopita mnada wa Pugu na wali wa mpunga wa Rufiji, asidhani shauri hili ni la watu wa mbali. Kazi ianze masika, mto ungali umejaa, kabla mbegu ya kwanza ya mlau haijatiwa ardhini.