Krismasi ya Ng'ambo

Kila mwaka, mwezi wa Novemba unapokaribia kwisha, hutangazwa orodha za mahali pa kwenda kula Krismasi. Msomaji huambiwa habari za Bethlehem na kanisa lake la kale. Za Nuremberg na soko lake la sikukuu. Za New York na mti wake mrefu uliopambwa kwa taa. Za Rovaniemi, kaskazini mwa Ufini, ambako kulungu wa nchi za baridi huwavuta wageni juu ya theluji. Mara nyingine pwani yetu nayo hukumbukwa, zikatajwa Diani, Watamu na Unguja. Bofu haitajwi. Sijapata kuiona katika orodha yo yote, wala sitarajii kuiona. Lakini nadai kwamba orodha hizo, pamoja na uzuri wa picha zake, hufundisha uwongo mmoja, na kwamba vijana wa shule huumeza uwongo huo upesi kuliko watu wengine. Uwongo wenyewe ni huu: sikukuu i mahali pengine, na asiye na nauli ya kuifuata hana sikukuu.

Kwa asiyeijua, Bofu ni sehemu ya Likoni, kusini mwa kisiwa cha Mombasa, upande wa pili wa mlango wa bahari zipitamo meli za bandari ya Kilindini. Mtu wa kisiwani akisema anakwenda ng'ambo, yamkini ana maana ya Likoni, safari ya dakika chache kwa feri, ambayo mwenda kwa miguu hatozwi hata senti moja. Mtu yule yule akisema mwanawe yuko ng'ambo, yamkini ana maana ya London. Lugha yetu haikuona haja ya kuyatenga mambo haya mawili: kuvuka maji ni kuvuka maji. Tofauti ya heshima kati ya ng'ambo moja na nyingine tumeitia wenyewe, na kipimo tulichotumia ni bei ya nauli.

Mabaharia walitutangulia katika kosa hili. Siku ya Krismasi ya mwaka 1497 Vasco da Gama alikuwa akipita na merikebu zake kando ya pwani ya mashariki ya nchi iitwayo leo Afrika Kusini. Kwa ajili ya siku hiyo aliiita pwani ile Natal, ambalo ni jina la Krismasi kwa Kireno, akaenda zake. Mwezi wa Aprili 1498 alikuwa mbele ya Mombasa. Wenyeji wa nchi ile walikuwa na majina yao, lakini mpita njia hakuwauliza. William Mynors, nahodha wa Kiingereza, alipita karibu na kisiwa kimoja kusini mwa Java tarehe 25 Desemba 1643, akakiita Kisiwa cha Krismasi. James Cook akafika kisiwa kingine, katika Bahari ya Pasifiki, tarehe 24 Desemba 1777, akakipa jina lilo hilo. Wenyeji wa kisiwa hicho cha pili huliandika jina hilo Kiritimati, kwa sauti ya lugha yao, kama sisi tulivyoandika Krismasi kwa sauti ya lugha yetu. Kama jina lingaliweza kufanya sikukuu, kisiwa kile kingalikuwa makao ya amani duniani. Ilikuwaje? Katika miaka ya 1957 na 1958 Waingereza walifanya huko majaribio ya mabomu ya nyuklia, na mwaka 1962 Wamarekani wakafuata.

Rovaniemi ni jambo jingine, nami nautaja mji huo bila dharau. Mwaka 1944 askari wa Kijerumani waliokuwa wakirudi nyuma waliuteketeza kwa moto. Watu wake waliujenga upya, na mwaka 1985 wakafungua karibu nao kijiji cha Baba Krismasi, ambacho wageni hukiendea leo kutoka pembe zote za dunia. Mtakatifu Nikolasi, ambaye jina la Baba Krismasi lilitokana naye, alikuwa askofu wa Myra, katika nchi iitwayo sasa Uturuki, karibu na bahari ya Mediterania. Hapana habari kwamba alipata kumwona kulungu wa theluji. Hata hivyo Wafini walifanya jambo la akili. Walitazama walicho nacho, nacho kilikuwa baridi na giza, kwa maana mwishoni mwa Desemba mwanga wa mchana huko haupiti sana muda wa saa mbili, wakakigeuza kuwa riziki. Kijana wa Bofu anayeitamani theluji yao amejifunza kwao kinyume cha walichofundisha. Wao hawakutamani minazi. Lakini sisi, katika mji wa Mombasa, Desemba ya jua kali, hubandika pamba katika madirisha ya maduka ili ifanane na theluji, na mwenye kuibandika anatota jasho.

Sipingi kusafiri. Kutembea ni elimu, na mtu aliyefungwa na mtaa wake aghalabu hufungwa na mawazo yake pia. Nchini Ethiopia, mahujaji kwa maelfu huenda Lalibela, kwenye makanisa kumi na moja yaliyochongwa katika mwamba tangu karne nane hivi zilizopita, kuadhimisha Krismasi yao tarehe 7 Januari. Wengi hutembea kwa miguu siku nyingi, na chakula chao mgongoni. Hao hawakuvutwa na picha. Nayo safari ya Bethlehem, iliyo asili ya safari zote hizi, haikuwa matembezi ya kustarehe: kwa habari ya Injili ya Luka, fundi seremala na mkewe mja mzito walikwenda kuandikishwa kwa amri ya serikali, wakakosa nafasi katika nyumba ya wageni. Mwaka 2023, kwa sababu ya vita vya Gaza, sherehe za hadharani katika mji huo zilifutwa, ibada zikabaki. Mji unaotajwa wa kwanza katika kila orodha ulikuwa hauna taa barabarani, na Krismasi ikaadhimishwa humo na waliokuwamo.

Na turudi kwetu. Msafiri wa kutoka Nairobi anayekwenda Diani kwa Krismasi alikuwa hana budi, miaka yote, kupita Likoni. Gari lake lilipanga foleni ya feri kwa saa nyingi. Alinunua dafu, alinunua korosho, alilaani joto, akaenda zake. Likoni kwake ilikuwa kizuizi. Sasa ipo barabara ya Dongo Kundu, inayomchukua mtu kutoka Miritini hadi upande wa Kwale bila kupanda feri, na dafu lile halinunuliwi tena. Barabara ni njema, nami siitakii mabaya. Lakini hatari ya kuwa njia tu ni kwamba siku njia ikihamishwa, watu hukusahau kana kwamba hukupata kuwapo. Ni wangapi katika wapitao hao waliopata kusikia kwamba katika Likoni hiyo hiyo, tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka wakazama watu 272 waliokuwa wakienda kazini?

Wenye hoteli watanijibu kwamba wageni ndio chakula cha pwani. Ni kweli. Vijana wengi wa Likoni huvaa sare alfajiri ya Krismasi na kupanda matatu za Ukunda kwenda kutandika vitanda vya watu na kuandaa meza zao. Naam, aje mgeni, mwenyeji apone. Lakini tusisahau kwamba mahali pa mapumziko pa mtu mmoja ni mahali pa jasho pa mwingine, na kwamba orodha nzuri za sikukuu zimeandikwa zote kutoka upande mmoja wa meza. Sijaona hata moja iliyomwuliza mpishi anakula Krismasi wapi.

Iko safari nyingine ya Desemba ambayo haimo katika orodha, nayo naiheshimu kuliko zote: ya mfanya kazi wa Bofu anayerudi bara kuwaona wazazi wake. Yeye hafuati theluji wala bahari. Amebeba sukari, kitenge cha mama, na pengine nazi mbili za kuwaonyesha watoto. Wenye mabasi wanamjua, na kila mwaka majira hayo huipandisha nauli mpaka mtu mwenye watoto wanne hulipa mshahara wake wote kabla hajaiona Voi. Huo ni unyang'anyi uliovikwa tikiti. Lakini juu yake yako makosa yetu wenyewe. Wapo wanaokopa ili waonekane wamesafiri, na wanaouza kitanda ili wapige picha ufukweni Diani. Januari shule hufunguliwa. Mwanafunzi anayesoma maneno haya anajua, pengine kuliko mimi, jinsi mtoto anavyojisikia anapoitwa nje ya darasa kwa sababu ya karo, na akakumbuka kwamba fedha zile zililiwa na siku mbili za hoteli. Wahenga walikataza kuacha mbachao kwa msala upitao. Sisi tumeuza mbacha ili tuukodi msala.

Sasa nifike kwenye hoja iliyonifanya nishike kalamu. Krismasi ya Bofu si ya Wakristo peke yao, na hapo ndipo ilipo thamani yake. Mtaa huu wana Wadigo na Waduruma, Wakamba na Waluo, Waluhya na Wakikuyu. Adhana na kengele husikika katika ua mmoja. Siku ya Idi sahani ya pilau hutoka nyumba ya Mwislamu, imefunikwa kawa, ikaingia nyumba ya Mkristo. Siku ya Krismasi sahani hufuata njia ile ile kwa kurudi. Mkristo anayejua ujirani humwita jirani yake Mwislamu amchinjie kuku, ili chakula kiwe halali kwa kila atakayepelekewa. Na sahani hairudishwi tupu: kama hapana kingine, hutiwa ndizi mbili au mahamri ya asubuhi. Wachukuzi ni watoto, nao hujifunza njiani, bila mwalimu, mlango wa nani uko wapi.

Atakayesema haya ni mambo madogo hakuijua Likoni ya mwaka 1997. Usiku wa tarehe 13 Agosti mwaka ule, watu wenye silaha walivamia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari, wakatwaa bunduki, wakawageukia watu wa bara. Nyumba na vibanda vilichomwa. Kanisa Katoliki la Likoni lilijaa waliokimbia. Katika majuma yaliyofuata watu zaidi ya mia moja waliuawa pwani, na maelfu wakahama. Wengine hawakurudi tena. Halafu tarehe 23 Machi 2014, siku ya Jumapili, wenye bunduki waliingia katika kanisa moja huko huko Likoni wakawapiga risasi waliokuwa wakisali. Watu wa Bofu hawahitaji kuelezwa ujirani ni nini, wameuona ukivunjwa. Sahani inayovuka ua tarehe 25 Desemba inapita juu ya ardhi iliyomwagwa damu kwa sababu ya kabila na dini. Nionyesheni katika Nuremberg au New York sahani yenye kazi nzito kuliko hiyo.

Litaletwa neno la dini, nami nalipokea kwa adabu. Mkristo mmoja atasema sikukuu yake imechanganywa. Mwislamu mmoja atasema hawezi kuadhimisha siku isiyo yake. Hapana anayewaomba waadhimishe pamoja. Qurani ina sura iitwayo Maryam, inayosimulia kuzaliwa kwake Isa, na Injili ina habari yake. Tofauti zilizomo zijadiliwe na wanazuoni. Sahani haiulizi swali hilo. Haki ya jirani imehimizwa katika dini zote mbili, na hapana andiko linaloharamisha kumpelekea mtu wali.

Kijana atanikatiza: "Bofu hapana cha kuona." Ndugu yangu, hilo ni tatizo la jicho. Shuka mpaka ufuoni Likoni ukatazame meli ndefu kama mtaa ikiingia Kilindini, imepita karibu nawe hata unawaona mabaharia waliosimama juu yake, watu waliotoka Ufilipino au Uhindi, ambao Krismasi hii hawapo kwao. Feri husimama kuipisha. Watu ambao kivuko hiki huwachukua kwa malaki kila siku nao husimama, wengine wana kuku mkononi, wengine keki iliyofungwa kwa gazeti, wakingoja dakika kumi kwenda kula sikukuu kwa shangazi. Hao wote ni wasafiri wa Krismasi, wala hapana kitabu cha safari kilichowahesabu.

Na jioni, saa tatu au saa nne, wakati muziki wa Diani ndio kwanza unaanza, matatu ya mwisho huwateremsha wahudumu wa hoteli barabarani Likoni, viatu mkononi. Wanapanda kuelekea Bofu kwa miguu. Nyumbani, mezani, chini ya kawa, pamewekwa sahani moja ya pilau iliyoletwa na watu wa nyumba ya pili, na mtoto aliyeipokea amekatazwa kuigusa mpaka baba arudi.