Nani aliwapikia watoto wa Wangari?

Kila Septemba, tunapokumbuka kifo cha Profesa Wangari Maathai, darasa letu la Jumamosi huchora mti. Shina la kahawia, majani ya kijani, na pembeni medali ya dhahabu. Mwaka jana mvulana wa miaka tisa aliweka kalamu chini akauliza: "Kama alikuwa anapanda miti siku nzima, nani aliwapikia watoto wake?"

Wazazi tuliokaa nyuma tulicheka. Mama mmoja hakucheka. Aliinuka, akakusanya vikombe vya chai ambavyo vilikuwa bado havijanywewa, akaenda kuviosha. Binti yake aliishi na bibi yake miaka kadhaa kabla ya kuja Sweden, na wengi wetu tunalijua hilo.

Mwalimu alimjibu mtoto kwamba Wangari alikuwa mama mzuri sana, kisha tukaendelea kuchora. Nadhani hapo tulikosea. Swali lilikuwa la kweli na lilistahili jibu la kweli.

Jibu ni hili. Wangari alikuwa na watoto watatu: Waweru, Wanjira na Muta. Baada ya ndoa yake kuvunjika alibaki na pesa kidogo, akapata kazi ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa na makao Lusaka, Zambia, na iliyomtaka asafiri huku na huku. Hakuweza kwenda nao. Aliwapeleka kwa baba yao, akawa anawatembelea, na waliishi huko hadi 1985. Yeye mwenyewe aliliandika jambo hili katika kitabu cha maisha yake, wala hakulificha. Kwa nini sisi tulifiche?

Najua hoja ya upande wa pili. Mzazi mmoja aliniambia kwamba watoto wetu wanahitaji mashujaa, si habari za talaka. Namheshimu, lakini sikubaliani naye. Humu darasani wamo watoto waliolelewa kwa muda na bibi, shangazi au baba peke yake, na wamo ambao mama zao hufanya kazi za usiku, wakionana nao asubuhi tu wakati wa kuvaa viatu. Mtoto wa namna hiyo akisikia kwamba mama mzuri ni yule asiyeondoka kamwe, atamhukumu mama yake kimyakimya. Akisikia habari nzima ya Wangari, ana mahali pa kuanzia kuuliza.

Tena habari nzima ni tamu kuliko ile ya medali. Wangari alizaliwa 1940 kijijini Ihithe, Nyeri. Mama yake alimkatia kibustani chake mwenyewe katikati ya shamba. Siku moja kaka yake Nderitu alimuuliza mama yao kwa nini Wangari haendi shule kama wao, na mama akaamua aende. Swali la mtoto, mnaona. Mwaka 1971 akapata shahada ya uzamivu, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati.

Tarehe 5 Juni 1977 yeye na wenzake walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Wakati huo alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu. Kazi ya miti aliifanya kwa kujitolea, kupitia Baraza la Kitaifa la Wanawake. Akina mama wa vijijini walilipwa senti nne za dola kwa kila mche ulioshika. Kufikia 2004 miti ilikuwa imepita milioni 30, akapewa Nobel ya Amani. (Watoto, hakuja kuichukua hapa kwetu. Ile ya Amani hutolewa Oslo. Lakini tuzo ya Right Livelihood, ya hapa Stockholm, ilikuwa imemwona tangu 1984.)

Wanjira, binti yule yule aliyewahi kuachwa kwa baba, baadaye alifanya kazi bega kwa bega na mama yake katika shirika la miti, na akaliongoza. Hilo nalo ni sehemu ya jibu la yule mvulana.

Na jambo moja linahusu shule yetu moja kwa moja. Wangari alipokuwa bwenini, mwanafunzi aliyesikika akizungumza lugha ya nyumbani alivishwa kibandiko cha aibu, akakaa nacho mpaka mwingine anaswe. Sisi tunaamka mapema Jumamosi, wakati wa baridi bado ni giza, tufanye kinyume cha kibandiko kile.

Alifariki tarehe 25 Septemba 2011. Alikuwa ameomba asizikwe katika jeneza la mbao, kwa hiyo lilitengenezwa la mianzi na mafunjo.

Pendekezo langu kwa Septemba hii: tusichore. Twende Kungsträdgården, kwenye ile miti mikubwa karibu na mkahawa. Mwaka 1971 jiji lilitaka kuikata kwa ajili ya treni ya chini ya ardhi, na watu wa Stockholm wakapanda juu yake wakakataa kushuka. Miaka 18 baadaye Wangari alisimama vivyo hivyo kuitetea Uhuru Park isijengwe ghorofa 60. Chini ya miti hiyo kila mtoto asome, kwa Kiswahili chake alicho nacho, jibu la swali moja alilomuuliza mama au bibi yake: ulipokuwa kazini, nani alinipikia? Bibi aliyeko Mombasa au Mwanza apigiwe simu mapema.

Nimemwomba yule mama wa vikombe aje. Amesema ataleta mandazi, na kwamba safari hii vikombe aoshe mtu mwingine. Nimejiandikisha mimi.