Kidevu na Urefu wa Njia

Wapagazi wa Kinyamwezi waliopita baina ya Bagamoyo na Tabora katika karne ya 19 hawakuupima mzigo kwa uzito wake peke yake. Frasila mbili, yaani karibu kilo 32, si kitu kwa mtu mwenye nguvu anayekwenda hatua mia. Lakini kwa anayekwenda Unyanyembe, na pengine kuendelea mpaka Ujiji, mzigo huo ulipaswa kupimwa pamoja na njia. Reli iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914 iliifupisha safari, wala haikuiondoa. Mgonjwa wa taya anayetoka Urambo, Kaliua au Sikonge, akipelekwa Hospitali ya Bugando iliyoko Mwanza au Muhimbili iliyoko Dar es Salaam, bado ana mwendo mrefu mbele yake; kutoka Tabora mjini hadi Dar es Salaam peke yake ni zaidi ya kilomita 800. Yafaa basi kuuliza: je, urefu wa njia haupaswi kuwekwa katika mizani wakati wa kuchagua aina ya upasuaji?

Katika nchi zenye mali, kuchagua upasuaji wa kidevu aghalabu ni shauri la sura. Mwenye kidevu kifupi huelezwa njia mbili: kuwekewa kipande cha silikoni juu ya mfupa, au kukatwa mfupa wenyewe wa kidevu, ukasogezwa mbele na kufungwa kwa mabamba madogo. Akikosea katika uchaguzi huo, aghalabu hurudi kwa daktari na kurekebishwa. Kwa wengi wa magharibi mwa Tanzania wanaolazimika kupasuliwa kidevu, jambo ni zito zaidi, kwa kuwa sababu yake ni uvimbe.

Uvimbe unaojulikana sana katika habari hii ni ameloblastoma. Huanza katika masalio ya seli zilizohusika na kutengeneza meno, na mara nyingi hukaa katika taya la chini. Si saratani, na kwa kawaida hausambai mwilini. Lakini hula mfupa polepole, mwaka baada ya mwaka, pasipo maumivu makali. Kutouma huko ndiko kunakomdanganya mgonjwa. Hudhani ni jino, hung'oa moja, kisha la pili, na uvimbe huendelea hadi uso unapinda, meno yanalegea na kula kunakuwa taabu.

Uvimbe huo unapoingia katika sehemu ya mbele ya taya, jambo jingine huonekana ambalo watu wengi hawalifahamu. Kidevu si pambo la uso tu. Kwa ndani yake imeshikizwa misuli inayouvuta ulimi mbele. Mfupa huo ukiondolewa pasipo kuwekwa badala yake, ulimi huweza kurudi nyuma na kuziba njia ya pumzi. Mate hutiririka, maneno hayatamkiki vizuri, na chakula hakikai kinywani.

Daktari huwa na njia kuu mbili. Ya kwanza ni kuukwangua uvimbe kutoka ndani ya mfupa na kuliacha taya likiwa na umbo lake. Ya pili ni kukikata kipande chote cha taya chenye uvimbe, pamoja na sentimita moja au mbili za mfupa unaoonekana kuwa mzima, kwa kuwa seli za uvimbe hupenya kupita mpaka unaoonekana katika picha ya eksirei. Mapitio ya tafiti yamekadiria kwamba, kwa aina ya kawaida ya uvimbe huu, wagonjwa takriban 4 kati ya 10 waliokwanguliwa hurudiwa na ugonjwa, ilhali kwa waliokatwa kipande cha taya ni chini ya 1 kati ya 10. Tena uvimbe unaweza kurudi hata baada ya miaka kumi.

Wapo wanaosema kwamba kukwangua ndiyo njia ya huruma, kwa kuwa kunauhifadhi uso. Hoja hiyo ina uzito kwa mtoto ambaye taya lake lingali likikua, na kwa aina ya uvimbe yenye kifuko kimoja, ambayo huvumilia tiba nyepesi kuliko nyingine. Lakini huruma hiyo inategemea sharti moja: kwamba mgonjwa atarudi kupigwa picha kila mwaka, kwa miaka mingi. Mkulima wa tumbaku wa Urambo, ambaye siku yake ya kurudi hospitali imeangukia wakati wa kukausha majani, ambaye nauli yake ni mbuzi wawili na ambaye wala hasikii maumivu, atarudi mara ngapi? Asiporudi, uvimbe uliosalia utakuwa umepewa miaka ya kukua kwa siri, na upasuaji wa pili utakuwa mkubwa kuliko ule uliokwepwa. Kwa mtu huyo, kisu kilichoonekana kuwa kipole ndicho kikali.

Hata hivyo, haifai umbali ufanywe kisingizio cha kukata na kumwacha mgonjwa na pengo. Anayekata taya ana wajibu wa kulijenga. Bamba la titani huziba pengo na kuuzuia ulimi usirudi nyuma, lakini baada ya muda linaweza kuvunjika au kutokeza nje ya ngozi. Pengo fupi huweza kujazwa kwa mfupa uliochukuliwa nyongani. Kwa pengo refu, tangu mwaka 1989 wapasuaji wametumia mfupa mwembamba wa mguu ulio kando ya muundi, ukihamishwa pamoja na mishipa yake ya damu. Ni kazi bora, lakini huchukua saa nyingi na huhitaji hadubini ya upasuaji na mikono iliyozoezwa. Mafunzo ya shahada ya udaktari wa meno yalianza Dar es Salaam mwaka 1979, na wataalamu wa upasuaji wa taya wamepatikana. Kinachobaki ni kuhakikisha kwamba mabamba na vifaa havigeuki kuwa haki ya wenye fedha peke yao.

Kwa hiyo mambo matatu yanastahili kutendwa. Kwanza, mgonjwa aelezwe kwa lugha anayoielewa, Kinyamwezi ikibidi, faida na hasara za kila njia, naye aulizwe pasipo aibu ataweza kurudi mara ngapi. Jibu lake liandikwe katika faili kando ya ukubwa wa uvimbe. Pili, picha za kila mwaka zipigwe Tabora katika hospitali ya mkoa ya Kitete, kisha zipelekwe kwa mtaalamu aliye mbali. Picha husafiri kwa urahisi kuliko mtu. Tatu, kila mhudumu wa zahanati afundishwe kwamba uvimbe wa taya usiouma nao ni sababu ya kupiga eksirei, kabla ya kung'oa jino la pili.

Sayansi inaendelea. Mwaka 2014 iligunduliwa kwamba uvimbe mwingi wa aina hii katika taya la chini una mabadiliko katika jeni iitwayo BRAF, na dawa za kuuzuia zimejaribiwa. Lakini dawa hizo ni ghali, nazo hazijachukua nafasi ya kisu. Mpaka siku hiyo ifike, mpasuaji aliyeko Mwanza au Dar es Salaam hana budi kufanya alivyofanya mpagazi: kabla ya kumtwika mgonjwa mzigo wa tiba, aulize kwanza njia yake ni ndefu kiasi gani.