DAMU YA TUMBONI



Mama mmoja wa hapa Castle Vale alinijia akilia. Mwanawe alipotobolewa kisigino baada ya kuzaliwa, hospitali iliandika kwamba ana selimundu. Mtoto alikuwa mnene na mchangamfu, hivyo barua ikawekwa kabatini na penisilini ikanywewa leo, kesho ikasahauliwa. Alipofika miezi sita mikono na miguu ikamvimba. Simu kutoka nyumbani zikasema ni kijicho: mbona siku zote alikuwa mzima? Wengine wakamtaja wifi yake.

Swali hilo ni la haki, nalo lina jibu. Mtoto tumboni hutumia himoglobini ya namna nyingine, isiyo na kasoro ya selimundu. Akishazaliwa, hiyo hupungua kidogo kidogo na ile ya utu uzima hushika nafasi yake. Hapo ndipo chembe za damu hujipinda kama mundu na kuziba mishipa. Kasoro ilikuwamo tangu mwanzo, imerithiwa kwa baba na kwa mama pia. Wifi hamo.

Jeni iitwayo BCL11A ndiyo hasa inayoizima himoglobini ya tumboni. Lakini jeni nazo huweza kunyamazishwa. Mwaka 1993, mwaka uleule ulipoanza mpango wa kuubomoa na kuujenga upya mtaa wetu huu, watafiti wa Marekani, Victor Ambros na Gary Ruvkun, walieleza kijipande cha RNA katika mnyoo wa urefu wa milimita moja, ambacho kazi yake ni kuzuia ujumbe wa jeni nyingine. Wengi walidhani ni mambo ya minyoo tu. Kumbe nasi tunavyo, mamia kwa mamia. Huitwa maikro-RNA, na vikivurugika huchangia saratani na maradhi mengine. Mwaka 2024 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel.

Kule Boston, madaktari waliunda kijipande kwa mfano huo, wakakitia katika chembe za uboho za wagonjwa 6 wa selimundu ili kiinyamazishe BCL11A. Taarifa yao ya mwaka 2020 ilionyesha himoglobini ya tumboni imerejea. Si tiba nyepesi: kwanza uboho wa mgonjwa huuawa kwa dawa kali.

Yule mama nilimsihi penisilini isikatizwe hata siku moja, na mtoto akipata homa apelekwe hospitali saa ileile. Mumewe, aliyekaa kimya muda wote, akaniuliza yeye apimwe wapi.