Tusiviache vikundi vyetu kambini

Kuna jambo tunalolikosea sisi tuliorudi kutoka ukimbizini, nami naomba nieleweke kabla sijalaumiwa. Kule kambini tulikuwa na vikundi vya ngoma, kwaya, ususi wa vikapu na mikeka. Siku lori lilipotushusha na mizigo yetu, kila mmoja alishika njia ya kijiji chake, na kikundi kikafa hapo hapo. Tulisema tutakifufua tukishapata paa na shamba. Miaka imepita.

Nimesoma habari za Walatvia, taifa dogo la pwani ya Bahari ya Baltiki, nikaona aibu. Mwaka 1944 na 1945 wengi wao walilikimbia jeshi la Kisovieti wakaishia katika kambi za Ujerumani. Humo humo kambini waliunda kwaya na kufanya matamasha ya nyimbo za kwao. Walipopelekwa Marekani, Kanada na Australia walikwenda na desturi hiyo, pamoja na kokle, ala yao ya nyuzi. Uhuru uliporudi mwaka 1991, baadhi yao walirejea nyumbani wakiwa bado wanajua kuimba.

Waliobaki nao hawakulala. Mwaka 1976, wakati watawala walipenda ngoma ya asili iwe maonyesho ya jukwaani tu, Dainis Stalts na mkewe Helmi walianzisha kikundi cha Skandinieki, wakaimba kama wazee wa vijijini walivyoimba.

Lakini walionigusa zaidi ni Wasuiti, Wakatoliki wachache wa magharibi mwa Latvia, maeneo ya Alsunga. Mwanamke mmoja anatoa mstari, mwingine anaupokea, na waliobaki wanavuta sauti moja ndefu chini yake. Harusini pande mbili hutaniana kwa mistari ya papo kwa papo. (Nani kati yetu hajawahi kutukanwa hivyo na mawifi?) Mwaka 2009 UNESCO iliuweka utamaduni wao katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, maana waliobaki wakiujua vizuri walikuwa wazee wachache. Ila karatasi haiimbi. Kinachoimba ni kikundi cha akina mama wanaokutana.

Ndugu zangu wa biashara ya mpakani wataniuliza: faida iko wapi? Mwaka 2006, NATO ilipofanya mkutano wake Riga, wageni walipewa jozi 4,500 za glavu za sufu zilizofumwa kwa mkono, zenye nakshi za mikoa ya Latvia. Zingepatikana wapi kama bibi hawakuwafundisha wajukuu? Tena tangu mwaka 1971 kuna soko la mafundi kila Juni katika makumbusho ya wazi ya Riga, ambako mnunuzi husimama mbele ya aliyekitengeneza kitu. Sisi tunavusha vikapu kwa magunia, hatujui nani kavisuka, na bei tunapangiwa upande wa pili.

Kikundi chetu cha kambini kilikuwa na wanawake kumi na wanne. Kwa simu nimewapata watano, mmoja wao anauza dagaa hapo mpakani. Tumekubaliana kukutana Jumamosi, soko likishafungwa. Anayekumbuka nyimbo zote ni mmoja tu, naye amepita miaka sabini, kwa hiyo nauli yake tutamchangia.