Usonji: Bima Isiishie Mlangoni mwa Daktari

Tumfikirie mama anayempeleka mwanawe kliniki kupata dozi ya pili ya chanjo ya surua na rubella, mtoto akiwa na umri wa miezi 18. Uzito wake ni mzuri na anatembea bila shida. Hata hivyo, hageuki anapoitwa jina lake, hanyooshi kidole kuonyesha anachokitaka, na hajatamka hata neno moja. Mama analitaja jambo hilo kwa woga. Anajibiwa kwamba watoto wa kiume huchelewa kusema, hivyo arudi nyumbani asubiri. Anasubiri miaka miwili. Hatimaye anafika hospitali ya rufaa akiwa na kadi ya bima, anamwona daktari, na anaambiwa kuwa mtoto ana usonji. Anashauriwa ampeleke kila wiki kwa mtaalamu wa tiba ya usemi na mtaalamu wa tiba kazi. Wataalamu hao wako mji mwingine, na kila kipindi kinalipiwa fedha taslimu.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini sidhani kama yupo mhudumu wa kliniki ya watoto atakayeuona mgeni. Nao unabeba hoja ninayotaka kuitoa: kwa mtoto mwenye usonji, bima inayogharimia kumwona daktari na kununua dawa peke yake imelipia jina la tatizo, haijalipia msaada.

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza mapema utotoni na kuathiri namna mtu anavyowasiliana na kuhusiana na wengine. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Hakuna dawa inayouondoa. Dawa zina nafasi yake pale mtoto anapokuwa pia na kifafa, anapokosa usingizi, au anapopatwa na ghadhabu kali hata kujidhuru. Lakini kinachomwezesha kuomba maji, kuvaa shati, kukaa darasani na kucheza na wenzake ni mafunzo yanayorudiwa kwa miezi na miaka. Bima kwa desturi yake imejengwa kwa ajili ya maradhi yanayoingia na kutoka, kama vile malaria, mfupa uliovunjika au upasuaji. Hitaji la mtoto huyu halifuati mwendo huo.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge la Tanzania mwaka 2023, inatupa nafasi ya kulirekebisha jambo hili, kwa kuwa inazungumzia kitita cha mafao ya msingi na namna ya kuwagharimia wasio na uwezo. Kumpatia kila mtu kadi ni hatua kubwa. Hata hivyo, mtoto atafikiwa na kile tu kilichoandikwa ndani ya kitita. Kwa maoni yangu, kitita chochote kinachomhusu mtoto kitaje mambo manne bila utata. La kwanza ni tathmini kamili ya ukuaji, ikiwamo kipimo cha usikivu, kwa sababu mtoto asiyesikia naye hageuki anapoitwa. La pili ni vipindi vya tiba ya usemi na tiba kazi, kwa idadi inayojulikana kwa mwaka, si kwa hisani ya kila kituo. La tatu ni mafunzo kwa wazazi na walezi. La nne ni matibabu ya maradhi yanayoambatana na usonji, hasa kifafa.

Marekani imepita katika mjadala huu kabla yetu. Kwa miaka mingi kampuni za bima zilikataa kulipia huduma za usonji kwa hoja kwamba hizo ni elimu, si tiba. Jimbo la Indiana lilipitisha sheria ya kuzilazimisha mwaka 2001, na kufikia mwaka 2019 majimbo yote 50 yalikuwa yamechukua hatua za namna hiyo. Wazazi wengi walipata nafuu, ingawa tatizo halikwisha. Sheria za majimbo haziwafungi waajiri wanaogharimia wenyewe bima za wafanyakazi wao, na katika maeneo yenye wataalamu wachache familia bado husubiri kwa muda mrefu. Tunajifunza hapo kwamba sheria ni ya lazima, lakini haimleti mtaalamu wilayani.

Watakaopinga pendekezo hili watauliza: wataalamu wenyewe wako wapi, na mfuko utahimili vipi? Maswali hayo ni ya haki. Ni kweli kwamba wataalamu wa tiba ya usemi na tiba kazi ni wachache na wengi wako mijini. Hiyo ndiyo sababu ya kuyapa uzito mafunzo ya walezi. Shirika la Afya Duniani limeandaa mpango wa mafunzo wenye vipindi 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, ambao unaweza kuendeshwa na wahudumu wasio mabingwa waliofundishwa na kusimamiwa vizuri. Mpango huo umefanyiwa kazi pia kwa majirani zetu wa Kenya na Ethiopia. Bima ikilipia vipindi vya kikundi katika hospitali ya wilaya, fedha hizo zitawafikia wazazi wengi kwa pamoja, na mabingwa wachache tulio nao watabaki na muda wa kuwaona watoto wenye hali ngumu zaidi. Aidha, huduma yenye malipo ya uhakika huwapa hospitali sababu ya kuajiri, na vijana sababu ya kuisomea.

Kwenu wahudumu wenzangu, mengine hayasubiri kitita. Mtoto anapokuja kwa chanjo ya miezi 18, tumuulize mama maswali machache: Je, anageuka akiitwa? Ananyoosha kidole? Ana maneno mangapi? Wasiwasi wa mzazi tuuandike katika kadi ya mtoto na kumpa rufaa, badala ya kumwambia asubiri. Tumweleze pia kwamba chanjo haisababishi usonji. Dalili hujitokeza katika umri uleule ambao mtoto anachanjwa, na hapo ndipo watu hukosea kuunganisha mambo mawili.

Nanyi wazazi, yaandikeni mnayoyaona, na ikiwezekana mrekodi kwa simu dakika chache za mtoto akicheza nyumbani, kwani mbele ya daktari mtoto anaweza kuwa tofauti kabisa. Kabla ya kusafiri, ulizeni ni huduma zipi bima yenu inazilipia na kwa vipindi vingapi. Mkikataliwa, ombeni sababu kwa maandishi. Barua hizo zikikusanywa na vyama vya wazazi zitakuwa ushahidi mzito mbele ya wanaopanga mafao. Na wala msimfiche mtoto ndani. Hakuna aliyemkosea mtu kwa kuzaa mtoto mwenye usonji.

Tukimrudia mama wa mwanzo, haombi muujiza. Anaomba aulizwe siku ya chanjo, apewe rufaa mapema, afundishwe jinsi ya kumsaidia mwanawe, na kadi aliyoilipia ikubaliwe hata baada ya kutoka chumba cha daktari. Kitita cha mafao kinachoshindwa kumpa hayo, hata kikiitwa cha wote, kitakuwa bado hakijamhesabu mwanawe.