Wateja Wakitafuta kwa Simu, Je, Watakuona?



Mwezi huu tunaweka kando habari za chanjo na lishe ya watoto, tuzungumze juu ya biashara zetu ndogo ndogo. Msishangae. Sisi tunaohudumu kliniki tunaona kila wiki jinsi mama asiye na shilingi yake mkononi anavyochelewa kumleta mtoto mgonjwa, akisubiri baba arudi au jirani amkopeshe. Kipato cha mama nacho ni afya ya nyumba.

Tuanze na kisa kilichotokea hapa kwetu Igamba. Katika kikundi chetu cha akina mama kanisani yupo dada mmoja, mke na mama wa watoto wanne, ambaye hushona sare na kufuma masweta ya shule. Ninyi mnaoijua baridi ya Mbozi mwezi wa Juni na Julai mnajua kwamba sweta huku si pambo. Kazi yake ni safi, na bei yake ni ya haki.

Januari moja, shule zilipofunguliwa, alikuja kliniki mama mgeni, mtumishi aliyehamishiwa huku. Tulipokuwa tukimpima mtoto wake mdogo uzito, tukalisifia sweta la yule mkubwa aliyefuatana naye. Akatusimulia kwamba alitafuta fundi kwa simu yake, na simu ikamwonyesha mafundi wa Vwawa na Mlowo. Akapanda gari mara mbili, siku ya kupimisha na siku ya kuchukua, akilipa nauli kwenda na kurudi. Kumbe nyumba aliyopanga iko hatua chache tu kutoka kwa dada yetu! Kila siku alipita mlangoni pake bila kujua kwamba ndani mna fundi.

Tulipompelekea dada habari hiyo alinyamaza kwa muda. Kisha akasema kwamba wiki ile ile alikuwa ameomba mkopo kwenye kikundi ili alipe michango ya shule. Fedha ilipita mlangoni, naye akaenda kukopa.

Ndipo tulipoamua kujifunza jambo hili pamoja. Leo tunawashirikisha tuliyoyapata.

SIMU INACHAGUAJE?

Siku hizi mgeni akihitaji fundi, saluni, duka la dawa au mama lishe, haanzi kwa kumwuliza jirani. Huandika maneno machache kwenye Google, na mara huona ramani pamoja na majina ya biashara. Google yenyewe imeeleza kwamba hutazama mambo matatu makubwa: kama biashara yako inalingana na kile anachotafuta mteja, umbali kati yako na yeye, na jinsi biashara yako inavyojulikana.

Umbali huwezi kuubadilisha. Lakini mambo yale mawili mengine yamo mikononi mwako, na habari njema ni kwamba hayadai fedha. Kujiandikisha huitwa kufungua Wasifu wa Biashara kwenye Google, nako ni bure. Unahitaji simu janja, bando kidogo na barua pepe yako mwenyewe. Ukishajaza, utatakiwa kuthibitisha kwamba biashara ipo kweli. Mara nyingi utaombwa kupiga picha ya video inayoonyesha mahali ulipo, vifaa vya kazi yako, na kwamba wewe ndiwe msimamizi. Dada yetu alionyesha cherehani, mashine ya kufumia, na ufunguo ukifungua mlango wa chumba chake cha kazi. Akasubiri siku kadhaa, akakubaliwa.

JINA MOJA, KAMA KWENYE KADI YA KLINIKI

Sisi wauguzi tuna taabu moja ya siku zote. Mama anaandikishwa kliniki kwa jina la baba yake, wodini kwa jina la mume, na maabara kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Siku ya kutafuta faili, tunazunguka. Mtu ni yule yule, lakini karatasi zinasema ni watu watatu.

Biashara nayo ni hivyo hivyo. Jina lililo kwenye kibao liwe ndilo lililo kwenye Google, kwenye WhatsApp, kwenye Facebook na kwenye risiti. Namba ya simu iwe moja. Usiongeze maneno ya kujisifu kwenye jina, kama vile "bora kuliko wote Songwe". Google inataka jina halisi linalotumika, na anayekiuka anaweza kusimamishwa.

Kuhusu mahali, sisi wa huku tuna sababu ya kuwa waangalifu zaidi. Igamba haiko moja tu Tanzania. Kuna Igamba nyingine kule Kigoma, penye maporomoko ya mto Malagarasi. Na jina Songwe linabeba mambo mengi: mkoa wetu uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, wilaya mojawapo ndani ya mkoa huo, na uwanja wa ndege ambao uko mkoa wa Mbeya. Mtu akiandika "Igamba" peke yake au "Songwe" peke yake, mteja anaweza kupelekwa kusikohusika. Andika kwa ukamilifu: Igamba, Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe. Tena, kama vibao na karatasi zako za zamani bado zinasema Mkoa wa Mbeya, zirekebishe.

Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Agosti, serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi, nyumba zikapewa namba na barabara zikapewa majina. Namba hiyo iliyo mlangoni pako itumie. Kisha uhakikishe alama kwenye ramani imekaa juu ya paa lako, isiwe shambani kwa jirani.

SEMA KWA MANENO YA MTEJA

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Dada yetu alikuwa ameandika kwamba anatoa "huduma bora za mavazi". Maneno mazuri, lakini nani hutafuta hivyo? Tulikaa naye baada ya ibada, tukawauliza akina mama waliokuwepo: ungekuwa mgeni, ungeandika nini? Wakasema: fundi cherehani, sare za shule, masweta ya shule, kushona kitenge, kurekebisha nguo. Basi hayo ndiyo tuliyoandika katika maelezo ya kazi yake, kwa sentensi za kawaida, bila kurudia neno moja mara kumi.

Aidha, chagua kwa uangalifu aina ya biashara. Google hukupa orodha uchague moja iwe kuu. Kama wewe ni fundi wa nguo, usichague "duka" kwa sababu tu unauza na vifungo.

Wale walio Tunduma wakumbuke kwamba wateja wengine wanatoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na Mzambia huenda akatafuta kwa Kiingereza. Si vibaya kuongeza sentensi moja ya lugha hiyo.

Weka na saa za kazi za kweli. Kama Jumapili ni siku ya ibada na hufungui, sema umefunga. Mteja anayekuta kofuli baada ya kuambiwa uko wazi hatarudi, na atawaambia wenzake. Piga picha mchana, mlango ukionekana na kibao kikisomeka, kisha picha za kazi zako mwenyewe. Usichukue picha ya sweta la mwenzako ukaiita yako. Kila baada ya miezi michache ongeza picha mpya, hasa msimu wa kahawa unapokaribia na watu wana fedha.

MAONI YA WATEJA NA MIZANI YA HAKI

Wateja huweza kukupa nyota na kuandika maoni. Maoni hayo humsaidia mgeni kukuamini, na pia husaidia biashara kujulikana. Kwa hiyo usione aibu kumwomba mteja aliyeridhika: "Dada, ukipata nafasi, tuandikie neno kwenye Google."

Lakini hapa pana mtego. Tumesikia wanaowaambia akina mama wanunue nyota, au wawaombe waimbaji wa kwaya nzima waandike sifa siku moja ilhali hawajawahi kushonewa hata kitambaa. La hasha! Kwanza Google inakataza maoni ya uongo na ya kununuliwa, nayo huyaondoa. Pili, na hili ni kubwa zaidi, kitabu cha Mithali kinakemea mizani ya udanganyifu. Nyota ya uongo ni jiwe la mizani lililopunguzwa. Wala usithubutu kumwandikia fundi mwenzako maneno mabaya ili ashuke.

Je, ukiandikiwa vibaya? Usijibu siku hiyo hiyo kama moyo umepanda. Dada yetu aliandikiwa kwamba alichelewesha sare kwa siku tatu. Alitaka kujibu kwa ukali. Tukamwuliza, "Ni kweli ulichelewa?" Akasema ni kweli, umeme ulikatika. Basi akajibu kwa kuomba radhi na kueleza kwamba sasa anapokea oda mapema zaidi. Wanaosoma jibu hilo wanajifunza tabia yake, na tabia njema huvuta wateja.

UFUNGUO UKAE KWAKO

Tuliwaambia kwamba tulijifunza pamoja. Ukweli ni kwamba tulianza kwa kukosea. Mwanzoni dada yetu hakutaka kujisumbua. Alimlipa kijana mmoja amfungulie. Kijana akatumia barua pepe yake mwenyewe na namba yake mwenyewe ya simu. Miezi michache baadaye akahama, na wateja waliopiga simu walimpata yeye. Alipoombwa akabidhi, akadai alipwe tena. Ilibidi dada aombe umiliki kupitia Google na kuthibitisha upya, akapoteza msimu mzima.

Kwa hiyo, mama mwenzetu, kijana akusaidie, ndiyo, lakini mkiwa mmekaa pamoja, na akaunti iwe yako. Barua pepe iwe yako, neno la siri uliandike na kulitunza, na laini ya simu iwe imesajiliwa kwa alama ya kidole chako. Laini iliyosajiliwa kwa jina la shemeji si yako.

Pia wapo wanaopiga simu wakisema wametumwa na Google, na kwamba ukilipa kiasi fulani utakaa wa kwanza daima. Ni waongo. Google haiuzi nafasi katika majibu ya kawaida. Matangazo ya kulipia yapo, lakini hayo huonyeshwa yakiwa na alama kwamba ni matangazo.

USALAMA WA NYUMBA

Wengi wetu tunafanyia kazi nyumbani, penye watoto. Kabla ya kuweka nyumba yako kwenye ramani ya dunia, kaa na mume wako mzungumze. Kama wateja hawaji kwako, bali wewe huwapelekea vitumbua au keki, Google inakuruhusu kuficha anwani na kutaja tu maeneo unayohudumia. Kama wanakuja, tenga chumba cha kazi chenye mlango wake ikiwezekana.

Pata laini ya biashara iliyo tofauti na ya familia. Simu zitakuja, na nyingine zitakuja usiku, zikitoka kwa watu wasio na haja ya sweta. Ni heri baba awe anajua tangu mwanzo kwamba laini ile ni ya kazi, na kwamba saa mbili usiku inazimwa. Tumeona ugomvi ukizaliwa na simu ya mteja isiyoelezwa.

Na watoto wa watu usiwapige picha ukawaweka hadharani wakiwa na sare uliyoshona, bila ruhusa ya wazazi wao. Sisi hospitalini tunafundishwa kutunza siri za mgonjwa. Mteja naye anastahili hivyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika nchini Mei 1, 2023.

MATUNDA YAKE

Msitarajie muujiza wa siku moja. Dada yetu, baada ya kurudishiwa akaunti, alikaa wiki tatu bila simu hata moja kutoka kwa mtu asiyemjua. Ya kwanza ikatoka kwa mwalimu aliyehitaji sweta moja. Mwalimu yule akawaleta wenzake wawili. Januari iliyofuata hakuomba mkopo wa michango ya shule. Hajawa tajiri, na wateja wake wengi bado huletwa na majirani. Basi kibao mlangoni kiwepo, na neno jema la jirani lisidharauliwe. Simu ni kwa ajili ya mgeni ambaye bado hana jirani wa kumwuliza.

Lidia wa Thiatira, tunayesoma habari zake katika Matendo ya Mitume sura ya 16, alikuwa mfanyabiashara wa zambarau, naye alikuwa mgeni kule Filipi. Kazi yake ilijulikana, na nyumba yake ikawa mlango wa baraka kwa wengi. Kujulikana kwa kazi halali si majivuno.

Wiki hii fanya jambo moja tu. Chukua simu ya jirani, si yako, uandike kazi unayofanya na mahali unapoishi. Tazama kama utajiona. Kama hupo, unajua pa kuanzia. Kama upo, soma kila neno ujiulize: je, ni kweli?

Mungu azibariki kazi za mikono yenu. Tukutane mwezi ujao.